Mwalimu Yuko Likizo, Msimpigie Simu

Muhula uliopita tulikuwa tunasubiri mhadhara uanze, rafiki yangu mmoja wa uhandisi akanipiga begani. "Ninyi watu wa education mna raha bwana," akasema. "Juni mnalala, Desemba mnalala, na mshahara unaingia." Waliokuwa karibu wakacheka. Na mimi nikacheka. Ukisomea ualimu unajifunza mapema kucheka pamoja na wanaokucheka. Tumeshaambiwa tulikosa kozi nyingine, tumeshaambiwa tutakufa na chaki mkononi, tumezoea. Ila hiyo ya kulala Juni ilinikwama, kwa sababu mimi nimemwona mwalimu akiwa likizo. Nimekaa naye nyumba moja. Nataka niwasimulie, halafu niseme ninachotaka kusema.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Kituo chake kiko kijiji kimoja kwenye Bonde la Ziwa Rukwa, na nyumbani kwetu ni Tukuyu. Anayeijua ramani ameshaelewa. Kutoka bondeni unapanda kwanza hadi Sumbawanga, unalala au hulali kutegemea umefika saa ngapi, unakwenda Tunduma, unakuja Mbeya, unashuka Uyole, unatafuta Coaster ya Tukuyu na kubanwa humo hadi unafika. Baba alifariki mapema. Mimi na mdogo wangu wa kike tulikulia kwa Bibi, mzaa baba, kwa sababu Bibi asingeweza kubaki peke yake na ng'ombe wawili na shamba la migomba, na pia kwa sababu Mama alikuwa na hakika kwamba uhamisho wake ungetoka "mwakani". Hiyo mwakani ilikuwa na miaka saba wakati ninaousimulia. Alishajaribu hata njia ya kubadilishana, ile ya kutafuta mwalimu aliyeko Rungwe anayetaka kwenda Rukwa. Jamani, nani atoke Rungwe aende bondeni kwa hiari yake?

Kwa hiyo sisi Mama tulimpata kwa likizo. Juni na Desemba. Watoto wengine wana mama, sisi tulikuwa na mama wa kalenda.

Wazungu wakisema likizo ya katikati ya mwaka wanamaanisha jua na ufukwe. Juni ya Tukuyu njooni muione. Mvua kubwa za masika zimepungua, lakini baridi imekaa kitako, ukungu unashuka hadi kwenye migomba, na Mlima Rungwe, pamoja na urefu wake wa karibu mita 3,000, unaweza kuukosa siku tatu mfululizo ukadhani umehama. Nguo hazikauki. Mama akitoka kwenye joto la Rukwa anashuka kwenye gari akiwa amevaa kanga mbili juu ya sweta, na bado anatetemeka. Watoto tunamkimbilia mizigo. Kuna mchele wa bondeni, kuna samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti, na kila mwaka kuna mfuko mmoja wa salfeti ambao tukiugusa tunakemewa. Huo ni wa mitihani ambayo haijasahihishwa.

Sasa Juni ninayoisimulia ni ya mwaka niliomaliza kidato cha sita. Nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo, sina kazi, sina hela, nikafanya kile ambacho kila aliyemaliza six mtaani kwetu anakifanya. Nilifungua tuisheni. Nilichukua ubao wa zamani kwa jirani, nikauegemeza ukutani barazani, nikatangaza shilingi 200 kwa siku kwa mtoto. Ndani ya wiki moja nilikuwa na watoto 23. Mzazi wa Tukuyu anapenda shule kweli kweli. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo wilaya hii moja ina Chuo cha Ualimu Tukuyu na kingine cha Mpuguso. Kwetu ukirusha jiwe gizani atalia mwalimu. Mama mwenyewe ni zao la mazingira hayo. Kwa hiyo kusikia kwamba kijana wa mwalimu anafundisha barazani, watoto walikuja na madaftari wakiwa bado na mafuta ya mandazi mdomoni.

Nilijiona mwalimu. Nilikuwa na fimbo ndogo ya kuonyeshea ubaoni. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la tatu, alikaa mstari wa mbele bila kulipa, na ndiye alikuwa anasoma kwa sauti kuliko wote. Nikimwambia asome ukurasa, anausoma wote kama maji, kidole kinapita chini ya maneno. Nilikuwa namtumia kama mfano. "Mnamwona huyu? Ndiyo kusoma huko."

Mama alifika siku ya Ijumaa. Jumatatu aliketi mlangoni akimenya ndizi, ananitazama nafundisha, hasemi kitu. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano jioni, watoto wameondoka, alimwita mdogo wangu jikoni. Akachukua kile kitabu alichokuwa anakisoma kama maji, akafunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno moja katikati ya ukurasa. "Hapa pameandikwaje?" Mtoto akanyamaza. Akamwonyesha lingine. Akanyamaza. Kisha akaanza kuusoma ukurasa wote kutoka juu, kwa haraka, ili alifikie lile neno.

Alikuwa amekariri. Kitabu kizima. Alikuwa akisikia wenzake wanasoma darasani, anakamata, na kidole chake kilikuwa kinatembea tu. Miaka mitatu shuleni, wiki kadhaa kwenye baraza langu, hajui kusoma. Na mama yake ni mwalimu ambaye kwa miaka mingi kazi yake kubwa imekuwa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, akiwatoa watoto wa watu wengine kwenye "ba be bi bo bu" hadi kwenye sentensi.

Sijawahi kumwona Mama akilia, na siku hiyo pia hakulia. Aliosha mikono, akachukua boksi la majani ya chai, akalikata vipande vidogo kwa kisu cha ndizi, akaandika silabi kwa kalamu nyekundu aliyokuwa akisahihishia. Aliniambia bila kuniangalia, "Wewe endelea na hela zako barazani. Huyu niachie." Kauli hiyo iliniuma kuliko kofi.

Kuanzia usiku huo, baada ya chakula, wanakaa kando ya moto. Vipande vya boksi vimepangwa kwenye ungo. Hakumfundisha kurasa, alimfundisha sauti. Ma. Ndi. Zi. Kisha anaondoa kimoja anaweka kingine, ndizi inakuwa ndimi, mtoto anakunja uso, anajaribu, anakosea, anacheka. Ile "ng'" ya ng'ombe iliwasumbua usiku mbili nzima, hadi Bibi akasema kwa Kinyakyusa kwamba mtoto aende akamsikilize ng'ombe mwenyewe zizini. Mama alikuwa na mpango. Aliuandika nyuma ya daftari langu: wiki ya kwanza silabi za herufi mbili, wiki ya pili silabi zenye herufi mbili za mwanzo, wiki ya tatu sentensi, wiki ya nne hadithi fupi ambayo mtoto hajawahi kuisikia. Wiki nne. Alizihesabu kwa kalenda ya shule.

Msidhani mchana alikuwa amelala. Mwalimu akirudi kwao huwa amerudi kwa kila mtu. Asubuhi anapitia mitihani ya kwenye salfeti, na baridi ile mkono hauandiki vizuri. Akifika karatasi ya kumi, kuna "hodi" mlangoni. "Ugonile, Mwalimu." Mmoja analeta barua ya kuombea nafasi ya mtoto. Mwingine ana fomu ya mkopo wa kikundi hajui ajaze nini. Kanisani wanataka katibu wa kamati ya harusi, na kwa nini asiwe Mwalimu, si yuko likizo? Kuna msiba upande wa Katumba, lazima aende, tena ajue kuandika michango. Bibi naye miguu ilikuwa imevimba, anatakiwa kupelekwa hospitali Makandana, na Bibi huyo alikuwa ameshikilia miezi mitatu kwamba haendi mpaka mkwe wake arudi. Ng'ombe wanataka majani. Nadhani saa pekee Mama aliyopumzika ilikuwa ile ya kwenye Coaster akitoka Uyole, kama alipata siti.

Siku ya tisa simu ikaita. Tulikuwa jikoni, ndizi zinachemka na maharage, mdogo wangu amepanga mwenyewe neno "mbuzi" na anasubiri asifiwe. Mama aliangalia kioo cha simu, akasimama. Huwa anasimama akiongea na mkuu wake, hata kama yuko kilomita mia kadhaa.

"Ndiyo, mkuu. ... Lakini mkuu nilijaza fomu ya... Ndiyo. ... Sawa, mkuu. Nimeelewa."

Kambi ya darasa la saba ilikuwa inaanza Jumatatu. Watoto wanakuja na godoro na mahindi, wanalala madarasani, wanafanya mazoezi ya mtihani kutwa na jioni. Mama alikuwa na somo la darasa la saba. Angelipwa posho ya shilingi 3,000 kwa siku kutokana na michango ya wazazi, ikipatikana. Nauli hakuna aliyeizungumzia. Mabasi matatu kuja na matatu kurudi yalikuwa yamekula zaidi ya laki moja, kutoka mfukoni kwake.

Bibi aliuliza, "Shule si imefungwa?" Mama akajibu maneno ambayo baadaye nimeyasikia kwenye ofisi za walimu zaidi ya mara moja, ya kwamba shule imefungwa lakini mwalimu hajafungwa.

Aliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Mdogo wangu alikuwa macho. Kumbukeni kwamba wageni wote waliopita pale nyumbani walikuwa wakimwamkia "Shikamoo, Mwalimu". Basi mtoto, kwa usingizi au kwa lile alilolizoea kulisikia, akamwamkia mama yake mzazi hivyo hivyo. Mama akaitika, "Marahaba, mwanangu." Akanipa ule ungo wenye vipande vya boksi. Hakuniambia chochote, na hapakuwa na haja.

Sasa nifike kwenye hoja.

Nasema kwamba kambi za likizo na madarasa ya lazima ya likizo yaachwe, na mwalimu akiwa nyumbani asiitwe. Najua viongozi wa wizara wameshasema mara kadhaa kwamba likizo iheshimiwe. Najua pia kinachotokea baada ya tamko, kwa sababu nimefanya BTP mara moja na nilikaa ofisi ya walimu, nilisikia. Kambi inabadilishwa jina. Inaitwa "makubaliano na wazazi". Inaitwa "wanafunzi wenyewe wameomba". Mwalimu anayekataa haandikiwi barua, anakumbukwa tu. Vipindi vya muhula unaofuata vinapangwa na anajikuta ana vya saa nane mchana siku zote tano.

Sheria haina utata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Taratibu za utumishi wa umma zinampa mtumishi nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, na anayejua walimu anajua kwamba kwenye kila orodha ya madai yao, likizo haikosekani, inakaa pamoja na uhamisho na matibabu. Hata kimataifa, lile pendekezo la ILO na UNESCO la mwaka 1966 kuhusu hadhi ya walimu, ambalo kwa ajili yake tunaadhimisha Siku ya Walimu kila tarehe 5 Oktoba, linasema mwalimu awe na likizo ya mwaka ya kutosha yenye mshahara kamili. Tunaadhimisha kwa fulana na keki. Nadhani wengi wetu hatujalisoma.

Sitaki kumfanya mkuu wa shule ya Mama kuwa shetani. Nimemfikiria sana yule mtu. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, shule zinafunguliwa Julai, na yeye atakapoitwa kwenye kikao cha tathmini hataulizwa kama walimu wake walipumzika. Ataulizwa asilimia. Tangu ule mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza mwaka 2013 na shule zikaanza kupangwa kama timu za ligi, mwalimu mkuu ni kocha anayeweza kufukuzwa Jumatatu. Anayebanwa juu anabana chini. Na aliye chini kabisa kwenye mnyororo huo, kwa hesabu zangu, alikuwa mtoto wa miaka tisa wa Tukuyu aliyekuwa anapanga silabi kwenye ungo.

Pia kuna wazazi. Jirani yetu mmoja aliniambia waziwazi kwamba alikuwa ananilipa zile 200 ili watoto wasimharibie siku. Simlaumu, ana chai ya kuchuma na ng'ombe wa kukamua, na mtoto wa Tukuyu akiachwa bila kazi anakwenda kuteleza kwenye makorongo. Lakini tuseme ukweli kwamba sehemu ya hii njaa yetu ya masomo ya likizo haihusiani na masomo. Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alilalamika kwamba shule inamtenga mtoto na maisha ya watu wake. Likizo ndiyo siku chache alizobakiwa nazo mtoto za kujua mgomba unapandwaje na bibi yake anaumwa wapi. Kalenda ina siku 194 za masomo. Hizo hazitoshi? Kama hazitoshi, tatizo liko ndani ya hizo 194, halimalizwi na wiki tatu za kambi kwa watoto waliochoka na walimu waliochoka.

Kuna atakayeniuliza: wewe si ulifungua tuisheni? Ndiyo, nilifungua. Na nitaongeza lingine ambalo rafiki zangu hawalijui. Sehemu ya ada yangu ya sekondari, sare na godoro la kwanza la bweni vilitokana na posho za Mama za kambi za Desemba. Elfu tatu tatu hizo. Mwalimu mwenye mshahara wa chini na watoto wawili nyumba nyingine hana ubavu wa kukataa, na mimi niliyevaa ile sare sina usafi wa kuhubiri. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaosema walimu wanapenda hela za tuisheni, waachwe. Mtu akikosa mlango anatokea dirishani, usije ukasema anapenda madirisha. Mshahara ukitosha na nauli ya likizo ikilipwa kwa wakati, nataka nione ni walimu wangapi watabaki kambini kwa mapenzi.

Halafu hiyo tuisheni yangu yenyewe ni ushahidi. Watoto 23, mwezi mzima, na sikumwona asiyejua kusoma aliyekaa mita moja mbele yangu, tena ndugu yangu wa damu. Nilikuwa nakimbiza kurasa. Kambi nazo zinakimbiza kurasa, maswali ya miaka iliyopita, kariri jibu, funika, sema. Mtoto anayejua kukariri anapita katikati yetu sote kama maji. Alimgundua mtu mmoja tu, aliyekuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi bila haraka, kwa sababu kwa siku tatu hakuwa na kengele, hakuwa na watoto tisini, hakuwa na mtu wa kumuuliza asilimia. Wenzangu wa elimu, tunasoma vitabu vizito kuhusu tathmini na saikolojia ya mtoto, lakini nguvu ya kumwona mtoto inahitaji mtu ambaye hajaisha.

Na hapo niseme jambo linaloniudhi. Kwenye mahafali za walimu hakukosi mgeni rasmi wa kusema mwalimu ni mshumaa, unaungua ili wengine wapate mwanga. Watu wanapiga makofi. Mimi sitaki kuungua. Mshumaa ukiisha unakwanguliwa mezani kwa kisu. Msituimbie huo wimbo siku yetu ya kumaliza, tafadhali.

Ninachoomba ni vitu vya kawaida tu. Fomu ya likizo ikishasainiwa iwe imesainiwa. Shule ikimhitaji mwalimu kwa dharura ya kweli, imwandikie, imlipe nauli ya kwenda na kurudi na siku zake zirudishwe, hapo ndipo tutajua dharura ni zipi. Wilaya ziache kuuliza asilimia peke yake kwenye vikao. Na uhamisho wa mwalimu mwenye mzee au mtoto wa kulea usiwe wa kutegemea bahati ya kumpata mtu wa kubadilishana. Kwa serikali yetu ya wanafunzi, naomba kitu kidogo zaidi. Kabla hatujaondoka kwenda BTP huwa tunapewa semina ya jinsi ya kuvaa na jinsi ya kuandaa andalio la somo. Iongezwe saa moja tu ya haki za mwalimu kazini, aje mtu anayejua sheria. Wengi wetu tutaajiriwa, kama ajira zitatoka, tukiwa hatujui hata likizo ni siku ngapi, na mtu asiyejua chake atakiitikia chochote. "Sawa, mkuu. Nimeelewa."

Mtaniuliza mdogo wangu aliishia wapi. Nilifunga tuisheni, nikarudisha ubao wa jirani, nikabaki na ungo. Sikuwa na ufundi wa Mama. Jioni nilikuwa nampigia simu akishatoka kambini, ananielekeza huku anapiga miayo, wakati mwingine analala katikati ya sentensi nasikia pumzi tu. Zile wiki nne kwetu zilikuwa miezi mitano. Kufika Novemba mtoto alisoma ukurasa ambao hajawahi kuuona, polepole, kidole kikisimama kwenye kila neno kama anavuka mto kwa mawe. Shule ya Mama ilifaulisha vizuri mwaka ule. Alipewa kitenge na makofi kwenye kikao, na nakiri alifurahi, alituma picha.

Desemba iliyopita alikuja tena. Uhamisho bado. Simu yake ilikuwa juu ya kabati ikaita, naye alikuwa zizini na Bibi. Mdogo wangu, yuko darasa la sita sasa, aliichukua akasoma jina kwenye kioo, kwa sauti, bila kukwama, "Mkuu wa Shule". Akaniangalia. Akairudisha pale pale kabatini, uso chini, akaiacha iite mpaka ikanyamaza.

Jioni Mama alipoiona alimpigia mwenyewe, akiwa amesimama. Lakini safari hii alimwambia angefika siku ya kufungua shule, akamtakia heri ya sikukuu. Aliporudi Januari hakuna aliyemfokea. Alikuta tu kwamba vipindi vyake vya kambi vilibebwa na mwalimu mwenzake wa kike, ambaye naye kwao ni mbali, Kigoma, na ambaye Krismasi hiyo hakwenda. Mama anasema wanasalimiana vizuri. Kunywa chai pamoja bado.